Mlima Haukufunguka

Mama Lado, mke wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Kitale, ulichonifundisha nilipokuwa mkimbizi kwenu. Hapa mtaani Hai Cinema hakuna tena anayekizungumza nami sawasawa. Moyo wangu umechoka, na miguu imevimba hata viatu haviingii. Daktari ameacha kunibadilishia dawa. Sasa ananiuliza tu kama nina watoto wa kuitwa. Basi niseme leo.

Unakumbuka tulivyopanda mlima Kinyeti? Watu wa Torit walitushangaa. Mlima hauendwi na mtu ila wawindaji wachache, nasi tulikwishaota mvi. Tangu Katire, kijiji cha chini ya mlima, uliniacha nyuma. Kwenye mianzi nilikukuta umeketi juu ya gogo, unatafuna karanga. "Mwalimu wa jiografia," ukaniambia, "kumbe milima yako yote ilikuwa ubaoni." Nilicheka mpaka pumzi ikakatika. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka tangu mwanetu apotee, tangu ile asubuhi Lado alipokwenda soko la Custom kununua mkaa, akasema anarudi sasa hivi, kisha risasi zikaanza upande wa Bilpam, kambini kwa wanajeshi.

Oduho, mwindaji aliyetuongoza, alikuwa ametueleza desturi ya kwao. Mtu akipotea, jamaa zake huenda kileleni wakawasha konzi ya nyasi kavu. Mama yake hugeuka asitazame, mwingine humwangalizia. Wingu likifunguka kabla moto haujazimika, aliyepotea bado anatembea duniani. Lisipofunguka, hushuka, wakaweka matanga, wakamlia mtu wao.

Juu kule wingu lilikuwa zito hata sikuziona buti za Oduho. Ulijifunika kitenge usoni, ukanipa mgongo.

"Baba Lado, limefunguka?"

"Bado."

Ukauliza tena, na tena. Moto ulipobaki ncha nyekundu tu, nikasema, "Limefunguka. Naona mpaka Uganda."

Halikufunguka, Mama Lado. Sikuona kitu.

Oduho aliyakanyaga majivu. Tulipofika kijitoni, wewe ukinawa uso huku unaimba, alinisogelea. "Mzee, mimi pia iko na macho." Nilimwomba anyamaze, akanyamaza.

Nilidhani nimekupa faraja ya kukushusha mlima, basi. Wewe ukaishi nayo. Kila jioni ulimtengea Lado sahani ya asida, ugali wa kwetu, ukaifunika. Geti hukuliruhusu litiwe komeo. Wenzetu waliopoteza watoto siku ile waliweka matanga, wakalia, wakaanza polepole kula tena. Wewe hukulia. Ulikuwa unangoja.

Kisha ukaugua. Kaka zako walikuja kukuchukua ukatibiwe kwenu, gari likasimama nje, ukakataa kupanda. "Akija akute nyumba tupu?" Nilikuwa nimekaa pale mlangoni. Neno moja langu lingekupandisha lile gari. Nililizungusha mdomoni mpaka kaka zako wakaondoka, na sikulisema. Ulikufa ukiniagiza nisifunge geti.

Padri amekuja mara kadhaa. Nimemtajia dhambi zangu nyingine zote. Hii sikumtajia, kwa sababu angenisamehe upesi, naye hakuwa na haki hiyo. Mwenye haki ni wewe, nawe hupo. Watu wananiambia karibu nitawaona ninyi wawili. Siamini. Nikifumba macho naliona wingu lile tu, limeganda, na sauti yako inauliza kama limefunguka.

Ningekuwa na miguu ningerudi kule nikawashe moto upya, nikubali jibu lolote. Sasa hata kufika bafuni nashika ukuta.

Jana jirani yetu Mganda, yule mama wa chapati, alinigombeza. "Mzee, funga hiyo geti. Wezi itaingia, itakubeba na kitanda." Alisema kweli. Nikajikokota mpaka getini, nikashika komeo. Ukimwacha Oduho, kama bado yu hai, ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hakuna wa kumngojea. Nilisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi.

Geti nikaliacha wazi. Sahani iko mezani, nimeifunika.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo, uliyemwambia akuangalizie,
Baba Lado