Saa ya Baba Mkwe

Jumamosi, 17 Juni 1978

Inatembea! Nimekaa karibu nusu saa nikiitazama tu.

Nani alinituma kuifungua? Nilitaka kuitia mafuta kidogo, nikavunja meno mawili ya kigurudumu cha ndani. Na saa hiyo ya umeme ndiyo kitu pekee mke wangu, Mama Mueni, alichoachiwa na marehemu baba yake. Wiki nzima, yeye akiwa kwao Machakos, sikulala vizuri. Madukani mjini jibu lilikuwa moja: "Hizi za zamani hazina spea. Tupa."

Leo Mzee Salim, fundi wa saa kule Majengo, alitoa saa mbovu ya aina ileile chini ya meza, akang'oa kigurudumu chake na kukipachika kwenye yangu.

Nikarudi nyumbani Mbotela mbio, nikaichomeka kwenye umeme. Mishale ikaanza kurudi nyuma! Nusura nilie. Halafu nikakumbuka Mzee Salim alivyoniambia: "Ukiiwasha, zungusha kifundo cha nyuma kuelekea kulia, ama itaenda kinyume." Nikazungusha, ikatii.

Mama Mueni aliingia saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimepanga kunyamaza, lakini nikashindwa. Nikamwambia yote.

Akanitazama, kisha akacheka. "Baba Mueni, hata baba aliivunja mara mbili. Mama akamnyima chai!"

Tangu tumzike baba mkwe, sijawahi kumsikia mke wangu akimtaja bila machozi. Leo amesimulia habari zake mpaka ugali ukapoa.