Ufunguo Wenye Katazo

4 Februari

Baba yangu, shikamoo.

Habari za nyumbani, na goti lako linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, hata mafua sijapata. Roho ndiyo haijatulia.

Barua zilizopita sikukueleza yote, nilichelea utakosa usingizi. Kazi ni ileile ya kumtunza bibi, mama yake bosi. Tunakaa wawili ghorofa ya tatu. Bosi huja jioni, anaoga, anakula na mama yake, kisha anaondoka na kutufungia mlango kwa nje. Anasema bibi aliwahi kutoka akapotea. Pasipoti yangu anayo yeye, eti kwa usalama. Tangu nifike sijakanyaga barabara. Mkate naununua kwa kikapu: nakishusha dirishani kwa kamba, fundi viatu wa pale chini ananiwekea, navuta. Barua hii nayo itashuka hivyohivyo, na jibu lako litumie kwake.

Sasa nina swali. Ufunguo wa bosi umechapwa maneno ya Kiingereza: DO NOT DUPLICATE. Mawili ya mwanzo nayajua, ni ya kukataza. Hilo la mwisho nieleze wewe uliyenisomesha kwa kuchonga funguo. Ndiyo kopi? Na fundi akiliona anafanyaje?

Mwanao, Chiriku

26 Februari

Chiriku wangu, marahaba.

Sisi tu wazima. Goti langu siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Mama yako mdogo anakusalimu, anasema nyumba imepoa tangu uondoke na domo lako.

Umeuliza neno nami nakujibu neno, ingawa najua mtu aliyefungiwa ndani hatafuti msamiati. Duplicate imezidi kopi. Ukiupiga picha ufunguo umepata kopi. Utaitazama mpaka uchoke na haitakufungulia hata sanduku. Duplicate ni kitu cha pili chenye nguvu ileile ya kile cha kwanza. Dereva akipoteza leseni hupewa duplicate, na trafiki hawezi kuikataa. Ofisini wakitaka fomu in duplicate, wanataka mbili zenye uzito mmoja. Wenye lugha yao hulitumia kwa kitendo na kwa kitu: ninachofanya mezani ni ku-duplicate, na unachoondoka nacho ni duplicate.

Yale maneno kwenye ufunguo si sheria ya serikali. Ni mwenye mlango anasema na fundi. Mwenye mlango akija mwenyewe, nachonga. Asipokuja sichongi, hata umlete askari. Ndiyo sababu watu huniachia funguo za nyumba zao wakaenda zao sokoni bila wasiwasi.

Kwa hiyo usiniombe, mwanangu. Zungumza na bosi wako taratibu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mu wazima. Mimi nakohoa, na sababu utaisoma hapa.

Nilimwomba bosi kwa maneno mazuri kama ulivyosema. Alinijibu kwamba mlango si kazi yangu. Nyoka wangu hatoki, pango ni lake.

Juma lililopita waya wa jiko ulishika moto. Moshi ulijaa nyumba nzima. Nilimburuta bibi mpaka dirishani, nikarudi kuuzima moto kwa blanketi lililolowa. Jirani aligonga mlango akisema, "Fungueni!" Nikamjibu, "Fungua wewe!" Tukabaki tunaamrishana, yeye huko na mimi huku, na bibi anakohoa mpaka macho yamemtoka. Moto ulizimika kwa kudra ya Mungu tu. Jioni bosi alileta jiko jipya, akausifu ujasiri wangu, akafunga mlango, akaenda.

Sitaki kutoroka. Nataka kulala nikijua mlango unafunguka. Nimekukasirikia, Baba, na sitaficha. Unalilinda jina lako mtaani, na mimi je, nife kwa ajili ya jina hilo?

Chiriku

6 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Kifua kinaendeleaje? Kunywa maji ya moto.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Siku ile sikufungua banda langu la kazi. Nimeogopa sana, na hasira zako ni haki yako.

Nimewaza, nina swali moja. Hiyo nyumba ni ya nani? Mimi natafuta idhini ya mwenye mlango, si ya mwenye mfuko unaobeba ufunguo. Kama ni ya bibi na akili zake zipo, muulize yeye. Akikubali, ulaze ufunguo chini ya karatasi nyembamba, usugue penseli juu yake polepole, upande huu na upande ule, mpaka meno yote yatokee. Usiuchore kwa mkono, mkono hudanganya.

Baba yako

28 Aprili

Baba, shikamoo.

Habari za goti? Kifua changu kimepona.

Nyumba ni ya bibi. Aliinunua kwa cherehani yake kabla mwanawe hajaota ndevu. Nilipomuuliza kuhusu ufunguo alicheka sana, halafu akafuta macho. Akasema, "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza mimi." Kupotea kwenyewe, kumbe alikwenda kwa rafiki yake akachelewa kurudi.

Jana bosi alipoingia kuoga, tulisugua penseli kama ulivyosema. Bibi alishika karatasi isicheze. Meno yalitokea, na yale maneno nayo yakatokea. Bibi akaninyang'anya penseli, akayakata mawili ya mwanzo, la mwisho akaliacha, akaweka saini. Karatasi nimeitia humu; saini hiyo hapo, ndefu kuliko yeye mwenyewe.

Chiriku

15 Mei

Mwanangu, marahaba.

Mwenye mlango amesema, nami nimechonga. Msalimie sana. Mwambie saini yake nimeibandika ukutani.

Ufunguo nimeushonea ndani ya hiki kitambaa. Ukigoma, usiulazimishe, utakatika. Uupake masizi ya mshumaa, uuingize, uuzungushe kidogo, uutoe. Panapong'aa ndipo panapogusa. Paguse kwa tupa ya kucha, kidogo tu, ujaribu tena.

Baba yako

9 Juni

Baba, shikamoo.

Natumaini barua inakukuta salama.

Ufunguo uligoma asubuhi nzima, kisha ukazunguka. Tulishuka na bibi tumeshikana mikono. Alikaa kwa fundi viatu, akamsahihisha mshono, na kurudi aliniongoza yeye. Hapotei yule.

Sasa nikueleze lililonitia simanzi. Juzi nilitaka kwenda ubalozini kuulizia pasipoti. Bibi miguu ilimuuma, nikamwacha. Nilifunga mlango kwa nje. Sikuwaza hata kidogo, mkono ulifunga tu, kama bosi. Nikiwa ngazini nikasikia kiganja chake kinapapasa mlango kwa ndani. Nilirudi mbio nikafungua. Alinitazama akasema, "Hata wewe?"

Nikikaa, nimefungwa. Nikienda, nimemfungia. Nisaidie kuwaza, Baba.

Chiriku

30 Julai

Chiriku wangu,

Sisi hatujambo, ila kwa ajili yako hatulali. Nilikujibu mara mbili, umekaa kimya. Fundi viatu naye haandiki. Mama yako mdogo kila baiskeli ya posta ikipita anatoka nje. Kama bosi amegundua, sema. Kama umekasirika tena, kasirika kwa maandishi. Nipe hata mstari mmoja.

Baba yako

11 Agosti

Baba, shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Nilingoja niwe na neno la kweli.

Naandika nikiwa kwenye benchi la uwanja wa ndege. Ubalozi umenipa hati ya kusafiria, na huenda nikafika kabla ya barua hii. Kwenye foleni bibi alikaa nami siku zote, na taksi alilipa yeye. Nilimwambia twende tuseme na bosi pamoja. Alikataa, akasema mwanawe ni wake, atamwambia mwenyewe.

Asubuhi hii nilimpa ule ufunguo. Fundi viatu ameahidi kupanda kila siku kumjulia hali. Tuliagana, nikatoka, nikamwomba afunge yeye. Alisema atauacha ufunguo ndani ya kitasa, ili wa mwanawe usiingie. Nilisimama ngazini, machozi yananitoka, mpaka niliposikia anafunga. Jioni ya leo bosi atabisha hodi, na mama yake ndiye atakayeamua kama atamfungulia.

Mwanao, Chiriku