Televisheni ya Kutazamwa kutoka Pembeni

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, saa nane mchana

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile bega lililokusumbua tangu walipokuhamishia kazi wodi ya wazee limepata nafuu. Shemeji hajambo? Na watoto, wanaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana. Kikohozi kimekwisha, na ameniagiza nikwambie kwamba gauni ulilomtumia limemkaa vizuri, ila mikono ilikuwa mirefu ikabidi ipunguzwe. Mimi nipo, naenda kazini na kurudi. Bosi bado ananiita Nakala Tatu mbele za watu, na bado sijapata la kumjibu.

Sasa nije kwenye televisheni, maana najua ndiyo unayoisubiri.

Agizo lako nililielewa vizuri. Uliandika kwamba umechoka kusikia kutoka kwa watu kuwa mama yetu, mjane wa marehemu baba, kila jioni hubeba kiti chake na kuvuka barabara kwenda kutazama tamthilia kwenye kibanda cha fundi cherehani, kama mtoto asiye na kwao. Ukasema anunuliwe televisheni ya maana, bapa, ya inchi hamsini na tano kama ya mama wa rafiki yako, ili atulie nyumbani kwake. Pesa uliyotuma nilikwenda kuichukua siku ileile, nikaiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, na kiatu nikakifungia sandukuni. Usinicheke. Unanijua.

Unajua pia kwamba kazini niko idara ya ununuzi, na huko hata kalamu hainunuliwi bila fomu ya mahitaji na bei kutoka maduka matatu. Mimi sijui namna nyingine ya kununua kitu. Basi nikachukua fomu moja iliyoharibika, nikafuta jina la ofisi, nikaja nayo kwa mama Jumamosi ya kwanza nikamketisha mezani. Nikamuuliza, kama mtumiaji, anahitaji nini. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema ukubwa hajali, kampuni hajali, rangi ya fremu hajali, rimoti iwe na vitufe vikubwa basi. Nilipokuwa nafunga kalamu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba jambo moja tu analitaka: picha ionekane vizuri hata kwa mtu aliyekaa pembeni. Nikamuuliza nani atakayekaa pembeni. Akanijibu kwamba mtu yeyote, mwanangu, nyumba ni ya watu hii. Nikafikiri, nyumba hii ina mtu mmoja, na mimi ninayekuja mwisho wa wiki. Nikaandika kwenye fomu: watumiaji wawili, mama na mwanawe. Nikafurahi moyoni kwamba ananifikiria.

Ilibaki kupima chumba. Futi ya kupimia sikuwa nayo, nikavuka barabara kwenda kuazima kwa fundi. Unamkumbuka, yule mrefu wa miwani iliyofungwa uzi, ambaye mke wake alifariki mwaka ule ulipopata kazi. Nilimkuta anatia vifungo. Nikamweleza kwamba nataka kupima toka kiti cha mama hadi ukutani. Bila kuinua kichwa akaniambia nisijisumbue, ni mita mbili na nusu, na ukuta wenyewe kati ya dirisha na mlango ni mita moja na robo. Nikamshukuru lakini nikamwomba futi vilevile, kwa kuwa mimi siandiki kipimo cha kuambiwa. Nikapima mara mbili. Ilikuwa mita mbili na nusu, na ukuta mita moja na robo, haikuzidi hata kidole. Nilistaajabu, dada. Nikarudi kumsifu kwamba watu hawajakosea kusema anaweza kumtazama mtu anapita njiani akamkatia suruali. Akakohoa, akasema mashine yake inahitaji mafuta, akainama chini ya meza. Ndivyo nilivyo mimi. Naona vipimo, watu siwaoni.

Kwa hesabu hizo, ile ya inchi hamsini na tano ilikataa yenyewe. Inchi za televisheni hupimwa kona hadi kona, na upana wa hiyo ni karibu mita moja na robo kamili, yaani ingebanwa kati ya dirisha na mlango pasipo hata pa kupitisha kitambaa cha kufutia vumbi. Tena kwa umbali ule mama angekuwa anageuza shingo kama anayetazama mpira uwanjani. Ya inchi thelathini na mbili nayo ingemlazimu akaze macho kusoma maandishi ya chini. Nikaamua arobaini na tatu. Nakuomba usiudhike kwa hilo. Najua ulitaka ya kumzidi mama wa rafiki yako, lakini nimekuwekea fomu ndani ya bahasha, utaona mwenyewe.

Duka la kwanza walinionyesha nzuri, ila dhamana yake ilikuwa ya miezi sita tu, na nilipouliza ikiharibika mwezi wa saba inakuwaje, muuzaji akaniambia nianze kuomba dua mwezi wa sita. Duka la pili walikuwa na ya bei nafuu kabisa. Kwa mbele picha ilimeremeta, majani ya kijani kuliko majani yenyewe. Nikawaomba wapunguze mwangaza, kwa sababu nilisoma mahali kwamba madukani huwa wanaukoleza. Halafu nikasogea pembeni, hatua moja, mbili, tatu, na kila nikisogea nyuso za watu zikawa nyeupe kama waliopakwa unga. Muuzaji alinivumilia, mwishowe akaniuliza mbele ya wateja wote kama nyumbani kwetu tunatazama televisheni kwenda upande kama kaa. Watu wakaangua kicheko. Nilitoka pale masikio yanawaka, lakini kwenye fomu niliandika: pembeni haifai.

Duka la tatu ndiko nilikonunua. Nilisimama kulia, nikasimama kushoto, nikachuchumaa kwenye usawa wa kiti cha mama, nyuso zikabaki nyuso. Nikafumba macho nisikilize sauti peke yake. Mwenye duka, mama mmoja mnene mpole, akamwambia mwenzake asinisumbue, huyu mteja amelala, akiamka atalipa. Ina matundu mawili ya king'amuzi, miguu yake na chuma cha kutundikia ukutani, na dhamana ya miaka miwili iliyopigwa muhuri. Nikanunua na kifaa cha kuilinda umeme unapocheza. Pesa ilitosha, na risiti zote nimekuambatishia.

Jana Jumamosi wakaileta. Mtu wa duka aliitundika, akaunganisha waya, akaniachia rimoti na kuondoka. Mama alikuwa amevaa gauni ulilomtumia. Nilidhani amelivaa kwa ajili ya televisheni. Nikaona pia ametoa vikombe vitatu, nikadhani kimoja ni cha mtu wa duka, lakini mtu wa duka alikwisha kwenda na kikombe kilibaki mezani.

Haukupita muda, hodi. Fundi. Akasema amefuata futi yake. Alikuwa amenyoa ndevu na shati lake lilipigwa pasi hata mgongoni. Mama akamkaribisha, akamwambia aketi. Kiti cha baba kiko palepale unapokijua, tena kilikuwa kitupu, na ndicho kinachoitazama televisheni sawasawa. Hakukikalia, dada. Alikipita kwa heshima, kama mtu anavyompita mkubwa aliyeketi, akaenda kukaa kwenye benchi la pembeni, karibu na mlango. Tamthilia ikaanza. Mama akasema yule mwanamke wa gauni la kijani naye hajasikia tu, na fundi akajibu kwamba hatasikia mpaka mama mkwe arudi, si tuliona jana? Wakaendelea hivyo, mmoja akianza sentensi na mwenzake akiimaliza, kama watu walioacha maongezi katikati na sasa wameyaokota. Mimi nimesimama na rimoti mkononi. Hapo ndipo nilipojua pembeni ni ya nani, na jinsi fundi alivyovijua vipimo vya ukuta wetu. Nikakumbuka aliwahi kuja kumpimia mama mapazia, mwaka jana; kumbe vipimo alivikariri.

Mama alipokwenda jikoni na vikombe, fundi aliniomba nipunguze sauti. Akavua miwani, akaishika kwa mikono miwili. Akaniambia kwamba yeye si mtu wa maneno mengi. Amekaa peke yake miaka tisa. Amemwomba mama wafunge ndoa, na mama hakukataa wala hakukubali, amemjibu kwamba ana watoto wawili wenye akili zao, na mkubwa ndiye baba wa nyumba hii tangu baba alipoondoka. Akasema hataki kuhamia katika nyumba ya marehemu, ana vyumba vyake viwili nyuma ya kibanda, na mama ataamua mwenyewe alale wapi. Akasema ameogopa kukuandikia wewe, ndiyo maana anasema na mimi, nikufikishie.

Dada, ninachoandika sasa ningependa kukwambia kwa simu, lakini ungenikatiza na nisingelimaliza.

Jibu nililotakiwa kutoa nilikuwa nalo. Nilitakiwa kusema, nimesikia mzee, nitamfikishia dada. Nilifungua kinywa niseme hivyo. Lakini nikaona mlango wa jikoni. Mama alikuwa amesimama pale, kikombe kinamtiririka maji mpaka kwenye kandambili, wala hajui kama kinatiririka. Alikuwa ananitazama mimi. Mimi nimemwona mama akiwa mgonjwa, nimemwona siku ya msiba, lakini sura ile sijawahi kuiona. Ilikuwa sura ninayokuwa nayo mimi bosi anaponiita ofisini na kufunga mlango. Mama anakuogopa, dada. Si kwamba hakupendi. Anakuogopa. Hata mikono ya gauni, alinisihi nikwambie kwa uangalifu usije ukaudhika.

Basi nikasema nimekubali. Na sikuishia hapo. Nikasema na dada pia amekubali, aliniandikia, alikwisha sikia habari hizi na amefurahi.

Hilo ndilo kosa langu. Mimi ambaye sijawahi kutia saini ya mtu hata kwenye daftari la chai, nimetoa idhini yako bila wewe kujua. Mama aliketi chini palepale kizingitini akacheka huku analia. Akaniuliza mara tatu kama kweli umesema umefurahi, kwa neno hilo hilo. Nikamwambia ndiyo, kwa neno hilo hilo. Fundi alivaa miwani akaivua tena, akashindwa kuitumia. Leo asubuhi mama ameamka anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba katika nyumba hii tangu nikiwa darasa la nne.

Nimekaa na kalamu tangu saa nne nikitafuta jinsi ya kurudisha maneno yangu, na nimeona kwamba siyarudishi. Ukiniagiza niende nikamwambie mama kwamba nilidanganya, sitakwenda. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie mimi, hata mwaka mzima, nitavumilia. Fundi ni mtu mzuri. Na mama ana miaka hamsini na minane tu, dada. Sisi ndio tuliomfanya mzee.

Jambo la mwisho. Mama yuko chumba cha pili, na yeye anaandika. Anakuandikia wewe. Ameniomba bahasha na stempu, ataituma Jumatano akienda sokoni. Anakushukuru. Barua hii naipeleka posta kesho mchana, kwa hiyo itatangulia kufika siku mbili. Siombi unisamehe. Naomba tu usinijibu mimi kwanza. Subiri barua yake ifike, uisome, ndipo uandike, na utakayemwandikia awe yeye.

Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Bega ulitunze, usinyanyue wagonjwa peke yako. Kaa salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Karani