Uyoga Aliokula Kiunga

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mifuko minne ninayooteshea uyoga imechanua leo! Uyoga mweupe umejaa stoo yote. Nimechuma beseni moja. Nani atakula? Mimi na paka — na paka hataki.

Jumanne, 4 Juni
Soko la Gakoromone. Cicily, jirani yangu sokoni miaka yote hii, ameniomba nisogeze beseni mbali kidogo na nyanya zake. Wateja wanaogopa. Wanasema uyoga ndio ulimmaliza mume wangu. Presha ilimmaliza! Daktari ndiye alimkataza Kiunga nyama ya mafuta, nami nikamtafutia uyoga huu wa oista: protini iko, nyuzinyuzi ziko, mafuta karibu hakuna. Miaka miwili alikula akashiba. Lakini mimi ni mmoja, na wasemaji ni soko zima.

Alhamisi, 6 Juni
Mvua. Sikuongea na mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Karwirwa, dada ya Kiunga, amepiga simu. Anakuja kesho baada ya kanisa. Tangu mazishi amekuja mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amefunga. Anafunga siku za kuja kwangu tu! Hata chai hagusi. Huku kwetu mgeni akikataa chakula chako amekuhukumu, hata kama anacheka nawe. Na mimi nimechoka kula peke yangu. Nimechoka kabisa.
Nimeanika uyoga juani kidogo, tumbo juu, uongeze vitamini D.

Jumapili, 9 Juni
Wifi amefika. Hata kuketi hajaketi: "Leo sijafunga. Nipikie kile ulikuwa unampikia ndugu yangu."
Nikachana uyoga kwa mikono, kisu hapana. Sufuria kavu kwanza, utoe maji yake, ndio vitunguu, nyanya, dania. Mukimo wa viazi na mahindi pembeni. Alisimama mlangoni muda wote akiangalia mikono yangu. Iliniuma, lakini nikaendelea kukoroga.
Nikapakua.
"Anza wewe, mama Mwiti," akaniambia.
Nikala vijiko vitatu mbele yake. Kisha nikasingizia chumvi, nikakimbilia jikoni. Ndiko niko, naandika juu ya debe la unga. Anaombea chakula kwa sauti. Maombi marefu! Anamwomba Mungu aondoe kila sumu iliyo mezani. Sasa anamtaja Kiunga. Analia.
Amesema amina.
Nasikiliza kijiko.