Uvimbe Mwekundu kwenye Kope ya Nasra

Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na chumba kizima hapa Bububu kinanuka nguo mbichi za mtoto.

Mwanangu Nasra alizaliwa hana alama yoyote. Wiki chache baadaye kikatokea kidoa kwenye kope ya kulia, nikadhani ameumwa na mbu. Kikavimba, kikawa chekundu kama basibasi mbichi, ule utando wa kungumanga. Sasa kope imelala, jicho halionekani.

Juzi mama mkwe wangu, Bi Mwaka, alikuja kutoka Makunduchi. Alimpakata mjukuu wake, akatoa kichupa cha dawa ya kuchomea chunjua.

"Tone tu, mwanangu. Kitakauka."

Nikampokonya mtoto. Nasra akalia, nikalia na mimi.

Leo tumekwenda hospitali pamoja, hatusemeshani. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliubonyeza uvimbe kwa kidole. Ukafifia, kisha ukarudi.

"Ni mishipa ya damu iliyojikusanya," akasema. "Si saratani. Watoto wengi tunawaacha tu, uvimbe hunywea wenyewe mtoto akikua. Lakini huyu hatuwezi kumwacha. Jicho likifunikwa katika umri huu, halijifunzi kuona. Uvimbe utaondoka, jicho libaki na giza."

Bi Mwaka akashika ukingo wa meza. "Na ningalitia dawa yangu?"

"Pangechubuka, Bi Mkubwa, pakatoka damu. Na jicho lingeungua."



Walimpima Nasra moyo kwanza, kwa kuwa dawa yenyewe ni ile wanayopewa wagonjwa wa moyo. Akanyweshwa kidogo pale pale, nasi tukakaa huku wauguzi wakimwangalia. Nimeambiwa nyumbani nimpe akishanyonya tu. Akikataa ziwa, au akitapika, nisimpe, nipige simu.

Nnaogopa. Dawa ya moyo, kwa kiumbe mdogo kuliko mto wangu!

Nilimuuliza daktari kama nimechelewa. Hakunidanganya.

"Bado hatujui. Tutajua kope ikifunguka."

Tuliporudi, Bi Mwaka alivua buibui, akanawa mikono, akaja kukaa karibu yangu.

"Nifundishe kuipima hiyo dawa. Nawe upate kulala."

Nikamfundisha. Hakumwaga hata tone. Sasa amempakata Nasra ubavuni mwangu, anamwimbia polepole, na mtoto anamkodolea jicho lake moja.

Ya Rabbi, na lile jingine, litatusubiri?