Barua Iliyokutwa Imefunguliwa

Jumatatu, 1 Machi 2004

Skuli mpaka saa saba. Kidato cha pili wamenichosha. Nusu ya darasa hawajui Ikweta inapita wapi, na mtihani uko mlangoni.

Alasiri kwa Bwana Hilali, Kiponda, kwenye duka lake la intaneti. Kompyuta sita, feni moja. Kaniwekea mto kwenye kiti kwa sababu ya mgongo wangu. Mtu mwema. Zamani akiuza vitambaa, na mpaka leo anazipangusa kompyuta zake kama anakunjua hariri.

Ukumbini moto umewaka. Ukumbi ndio baraza letu la mtandaoni: wa Unguja, wa Muscat, wa London, wote tunagombana mahali pamoja. Kuna tetesi kwamba serikali itayataka maduka ya intaneti yaweke daftari. Jina la mteja, kitambulisho, saa aliyokaa, kompyuta aliyotumia. Mimi Ukumbini ni Msumari. Nimeandika: "Nikipeleka barua posta hakuna anayenisimamisha mlangoni kuniuliza jina. Kwa nini niulizwe huku?" Wamenishangilia. Wote wananiita Bwana Msumari, nami nimewaacha wadhani hivyo; anayejua ni binti yangu Raya tu.

Mtulivu kajibu, taratibu kama mtu anayekunywa uji wa moto: "Ndugu Msumari, asiye na la kuficha daftari litamfanya nini?" Simpendi. Anaandika vizuri, ndio maana simpendi.

Jumanne, 2 Machi

Raya ananitia wasiwasi. Ana miaka ishirini na mbili, ana kazi yake ya kupiga chapa kwenye ofisi moja Shangani, na mpaka mwezi uliopita akirudi nyumbani mdomo haukai. Sasa kimya. Anapita kwa Bwana Hilali asubuhi, anapita tena jioni. Nikimuuliza anaandikiana na nani anasema, "Na watu tu, Mama."

Leo nimemwekea wali. "Nshakula." Wapi? "Nshakula tu."

Kuna mwanamume. Hapana jambo jingine. Namwomba Mungu asiwe yule wa duka la simu mwenye shati la kubana.

Jumatano, 3 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyo.

Raya ndiye aliyenifundisha kompyuta. Siku ile aliniambia neno la siri liwe kitu usichoweza kukisahau. Leo alasiri, kwa Bwana Hilali, niliandika anwani yake badala ya yangu. Nikajaribu jina la marehemu baba yake. Likakataa. Nikakaa kidogo. Kisha nikaandika Mamau, jina alilokuwa akiniita kabla hajaweza kutamka sawasawa. Likakubali.

Nilipaswa kuinuka pale pale. Mtoto kaufunga mlango wake kwa jina langu. Sikuinuka.

Ilikuwepo barua moja mpya, kutoka kwa Shangazi yake Zeyana, dada wa marehemu mume wangu, aliyeko Muscat. Nafasi ya chuo cha uuguzi imepatikana. Masomo yanaanza Septemba, atakaa kwake, miaka mitatu. Halafu haya, nayaandika kama nilivyoyasoma: "Umeshamwambia mama yako? Najua unaogopa kumwacha peke yake kwenye nyumba ile. Lakini mwambie wewe mwenyewe, mwanangu, asije akasikia kwa watu."

Hapana mwanamume. Bora angekuwepo. Mwanamume ningemfukuza.

Nikafunga. Kisha nikaingia Ukumbini nikaandika aya tatu nzima juu ya watu wanaochungulia mambo ya wenzao. Wamesema sijapata kuandika vizuri namna ile.

Alhamisi, 4 Machi

Laini ya simu ya Bwana Hilali imekatika tangu jana jioni. Hakuna mtandao. Nimeshukuru, sijui kwa nini.

Nimepika mchuzi wa pweza na mkate wa ufuta. Raya kauliza kama tuna mgeni. Nikasema hatuna. Nikawa namtazama anavyokula, anavyoumega mkate kwa vidole viwili, baba yake mtupu.

"Mbona wanitazama hivo, Mama?"

Nikamwambia una ufuta shavuni. Hakuwa nao.

Nataka kumwambia nenda. Nataka kumwambia usiende. Siwezi kusema lolote, kwa sababu sijaambiwa lolote.

Jumamosi, 6 Machi

Laini imerudi. Raya kaingia alasiri hata viatu hakuvua. "Mama, barua zangu zinafunguliwa!"

Kumbe barua ambayo haijasomwa huonekana kwa herufi nene, nyeusi. Ikishafunguliwa, herufi zinakuwa nyembamba. Yeye alifungua sanduku lake mara ya mwisho Jumatano asubuhi. Barua imeingia Jumatano mchana, na leo kaikuta nyembamba. Hili la herufi hakunifundisha.

Nikauliza barua ya nani. "Ya mtu tu," akasema. Tukatazamana, mwongo na mwongo mwenziwe.

Akasema, "Ulisema kweli wewe. Washaanza." Akina nani? Serikali, kwa mkono wa Bwana Hilali. Nikamwambia pengine ni hitilafu ya kompyuta. Kanitazama kama Mtulivu kaja kukaa kitini pangu.

Jumapili, 7 Machi

Raya kaandika Ukumbini, kwa jina la Waridi. "Msumari alitutahadharisha, tukadhani anatia chumvi. Mimi yameshanifika." Kisha kaeleza habari ya herufi, na kusema ni duka moja la Kiponda. Maduka ya intaneti Kiponda yako mawili, na jingine halijafunguliwa tangu Idi.

Pamewaka. Wa London wanataka gazeti liandike. Wa Muscat wanasema walijua zamani. Mtulivu peke yake kauliza: ushahidi uko wapi kwamba ni serikali? Wamemtukana mpaka nikamhurumia. Alikuwa na haki, na aliyejua hivyo ni mimi tu.

"Bwana Msumari, mbona kimya? Sema neno!"

Sikusema. Nimerudi nyumbani, nimejaribu kujitetea hapa kwenye karatasi. Mama si serikali. Nimemzaa, nimemlea peke yangu tangu ana miaka tisa, nina haki ya kujua. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Ningeikuta kwa Mtulivu ningeichana vipande.

Jumatano, 10 Machi

Sokoni Darajani, mwanamke nisiyemjua kanishika mkono mbele ya mafungu ya dagaa: "Bi Mwalimu, usende kwa Hilali, barua zinasomwa." Kutoka Ukumbini mpaka kwenye dagaa, siku tatu.

Nikaenda kwa Hilali. Kompyuta sita, watu hapana. Feni inavipulizia viti. Kaniwekea mto wangu kama kawaida.

"Mwalimu, nnakuapia, mie hata neno langu mwenyewe la siri nnalisahau. Nitayasoma ya watu vipi?"

Kisha akanionyesha daftari. Jipya, la jalada gumu. Mistari kaipiga mwenyewe kwa rula: jina, saa, kompyuta. "Serikali haijanambia kitu. Nnaanza mwenyewe. Bora nijue nani kakaa wapi, nisije nikasingiziwa tena."

Daftari lile lile. Wiki nzima nimelipinga kwa maneno, na nimelileta kwa vidole vyangu.

Akauliza: "Jumatano ile alasiri ulikuwepo wewe na Wataliano wawili tu. Hukuona mtu kenda kwengine asikotakiwa?" Hakuwa ananitega. Hata hakulifikiria. Nikasema sikuona.

Nimerudi kwa kuzunguka nyuma ya msikiti, nisikutane na mtu.

Ijumaa, 12 Machi

Nimemwambia.

Wanaume walikuwa wanatoka msikitini, sauti zao ziko chini dirishani. Raya alikuwa anachagua mchele. Nilikuwa nimepanga utangulizi mrefu, nikausahau wote. Nikasema: "Barua ya Shangazi yako nimeifungua mimi."

Akaendelea kuchagua. Punje mbili, tatu. Kisha akauweka ungo chini.

Sikutaka aniulize nimeingiaje, lakini aliuliza, nikamwambia lile neno. Akafunika uso kwa kanga. Hakulia. Ningependa angelia.

"Nlikuwa nnatafuta maneno, Mama. Wewe hukunngoja."

Hilo tu. Hakupiga kelele. Mimi ningepiga kelele mpaka Malindi wakasikia. Halafu, akiwa mlangoni, akauliza: "Na Bwana Hilali?" Mwanangu ana moyo kuliko mimi. Nimelisema hilo kwa furaha na kwa aibu, sijui lipi zaidi.

Jumamosi, 13 Machi

Bwana Hilali kwanza. Nilisimama; mto sikuukalia. Nikasema yote, na uongo wa Jumatano pia.

Akaipangusa kompyuta ambayo haikuwa na vumbi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mwalimu, kuna mahali pa kubonyeza, barua inarudi kuwa nene kama haijasomwa. Ungenambia nkakufundisha!" Nikacheka nami, machozi yakinitoka. Alipomaliza kucheka akasema, "Lakini umenumiza, Bi Mwalimu." Nikamwambia najua. Daftari kaliweka juu ya kabati. Hakulitupa. Simlaumu.

Kisha Ukumbini. Nimeandika kwa jina la Msumari: "Barua ya Waridi haikufunguliwa na serikali wala na mwenye duka. Imefunguliwa na mama yake. Mama yake ni mimi. Mwenye duka hana kosa, na aliyemsema amwombe radhi kama ninavyomwomba."

Baadhi wamenitukana. Wengi kosa hata hawakuligusa, wameshangaa tu kwamba Bwana Msumari ni mwanamke. "Kumbe Bi Msumari!" Mmoja wa London anasema tangu mwanzo alihisi. Hakuhisi lolote yule.

Mtulivu: "Lingekuwepo daftari, tungelijua siku ile ile." Ni kweli. Kisha nikaandika: "Mimi nampenda yule mtoto kuliko roho yangu, nimeisoma barua yake kwa mapenzi, na bado nimeharibu. Wao watasoma bila mapenzi. Fikiria wewe wataharibu kiasi gani."

Akajibu: "Hapo sina la kusema, Bi Msumari. Nitafikiri." Nimeanza kumpenda kidogo. Sitamwambia.

Jumatatu, 15 Machi

"Shikamoo, Mama." "Marahaba." Asubuhi hilo, jioni hilo. Adabu haikupungua hata chembe, na ndiyo inayoniumiza.

Neno lake la siri kabadilisha. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, akifunga kilemba chake mbele ya kioo. Ana haki. Nimejikuta nikijiuliza kaweka nini sasa. Nikajikataza, nikaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Mtaani bado wapo wanaosema Hilali kanilipa niseme vile. Nimepita baraza moja baada ya nyingine nikijitangaza mimi ndiye mbaya. Kazi ngeni hii katika umri wangu.

Alhamisi, 18 Machi

Baada ya alasiri Raya kaingia chumbani kwangu. Kaketi ukingoni mwa kitanda, mikono kaibana katikati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa alipotaka ruhusa ya kwenda kuogelea Forodhani.

"Mama, nna jambo nataka kukwambia. Nimepata nafasi ya kusoma, Muscat."

Kalisema lote tangu mwanzo, kama sijui kitu. Nami nikalisikiliza lote kama sijui kitu. Na kweli mengi nilikuwa siyajui. Kwamba aliomba mara mbili wakamkataa. Kwamba uuguzi kaupenda tangu siku zile za hospitali na baba yake, nami nilidhani siku zile anachezea tu vichupa vya dawa. Hayo hayakuwemo kwenye barua.

Nikamuuliza kila kitu. Atalala chumba kipi, watasoma kwa lugha gani, Ijumaa atakula nini. Akajibu yote. Akaniuliza nitafanyaje peke yangu. Nikamwambia nitagombana na Mtulivu. Kacheka. Kicheko cha kwanza tangu Ijumaa ile, kidogo, cha puani, lakini nimekisikia.

Nimemwambia aende. Limetoka kwa shida, lakini limetoka.

Jumapili, 21 Machi

Mvua asubuhi yote. Ilipopungua tukaenda kwa Bwana Hilali pamoja. Watu wamerudi: wanafunzi wawili, mzee mmoja anayemwandikia mwanawe, mzungu na mkoba wake. Tumengoja zamu.

Raya kakaa kumwandikia Shangazi yake kwamba anakuja. Mimi nikageuza kiti changu nikatazama mlango. Nikasikia vidole vyake vinavyokwenda mbio. Kaandika muda mrefu.

Alipomaliza akaniita. "Njoo usome, Mama."

Nikamwambia nisomee wewe.

Akanisomea, polepole, sauti ya chini wengine wasisikie. Kamshukuru Shangazi. Kamweleza safari. Kasema mama ameridhika na anamsalimu sana. Kisha akanyamaza, nikajua karuka, maana nilisikia kidole chake bado kinabonyeza kuyateremsha maneno na yeye hasemi. Ilikuwa mistari mingi. Halafu akaendelea na salamu za mwisho.

Sikuuliza.