Gramu Mia Tatu za Akevitti

Namsos, 3 Mei 1994

Mwanangu Torunn,

Barua hii ikukute mzima, na baba yako naye kifua kikiwa kimetulia. Mimi sijambo kupita kiasi. Daktari wa hapa aliniwekea chombo chake kifuani mwezi uliopita akakitoa haraka, akasema moyo wangu unampigia kelele. Paka naye hajambo.

Mwanangu, yule mama muuza samaki, ambaye hujua mambo kabla hayajatokea, ameniambia kwamba daktari amemwekea kaka Asbjørn, baba yako, mpaka: Agosti hii apande milima, halafu basi, asipande tena maisha yake. Ni kweli? Kama ni kweli niombee ruhusa. Nataka kwenda naye ziwani Kvittjønna mara moja tena. Miaka sita haniandikii, na kila Agosti mimi nakaa kizingitini nikitazama mawingu yanavyokwenda huko bila mimi.

Najua ana kinyongo cha safari yetu ya mwaka themanini na nane. Wewe ulikuwa mdogo, hukuelezwa sawasawa. Dume la kulungu, kubwa kama basi la Trondheim, lilipita kambini alfajiri likaondoka na nguzo za hema zimenasa kwenye pembe zake. Nililikimbiza hadi mpaka wa Uswidi, walinzi wakanipigia makofi. Ndiyo, mvua ikanyesha siku mbili, kaka akapata nimonia, wakamkata kipande cha pafu. Sasa tabia ya kulungu nilaumiwe mimi?

Juzi mchana nilisinzia kiwandani juu ya rundo la mbao nikaliota lile ziwa. Maji yamesimama kama yanasikiliza. Kaka amekaa upande wa pili, ananyoosha kikombe nimmiminie, na mkono wangu unarefuka, unarefuka juu ya maji, haufiki. Nilipoamka bega lilikuwa linauma kwelikweli.

Baba yako mdogo,
Oddmund

Røros, 15 Mei 1994

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi wazima. Kifua cha baba kinakwenda hivyohivyo, ngazi za nyumba anazipanda kwa vituo viwili. Alivyosema mama wa samaki ni kweli.

Nilimsomea barua yako akiwa anakata jibini.

"Baba, Oddmund anaomba kwenda nawe."

"Oddmund gani?"

"Mdogo wako."

"Kumbe bado anapumua?"

"Anapumua, baba."

"Lazima apumue. Ana mapafu mawili."

Nikadhani yameishia hapo. Amefika mlangoni akageuka: "Mwambie huyo bwana, akevitti yake na pombe nyingine yote, na chupa yake ndani ya hesabu, isizidi gramu mia tatu. Nitaipima mwenyewe stesheni. Ikizidi hata kwa unyoya wa ndege, anapanda treni inayorudi."

Habari za kulungu hakuzigusa.

Mwanao,
Torunn

Namsos, 9 Juni 1994

Mwanangu mpendwa Torunn,

Salamu nyingi kutoka kwa mtu mwenye furaha. Mia tatu! Angeweza kusema sifuri, hakusema. Kaka ana moyo, ila ameuweka ndani sana.

Sasa sikia kazi niliyoifanya. Shule niliacha darasa la saba, lakini maprofesa wa Trondheim wangekuja hapa jikoni wangevua kofia.

Kwanza nilikausha mvinyo. Niliumwaga kwenye sinia nikautia tanurini siku nzima, nikiwaza kwamba nitabeba unga, halafu mlimani naongeza maji. Sinia ikabaki na ngozi nyekundu yenye ladha ya gundi ya bahasha. Pombe yote ilikuwa imetoka kwa njia ya hewa. Paka alilala siku mbili akitabasamu, na kunguru waliopita juu ya dohani walirudi wakapita tena.

Halafu nikaloweka zabibu kavu kwenye konyaki. Hapo huhitaji chupa, mfuko wa karatasi unatosha, unatembea unatafuna. Wazo zuri sana. Nilizijaribu kiwandani, nikahesabu magogo arobaini mahali penye ishirini, na meneja akanisifu.

Tatu, chupa. Kioo ni adui, mwanangu, chupa ya kioo peke yake ni nusu kilo kabla hujaweka tone. Nikachukua ya plastiki iliyokuwa na shampuu, nikaisuuza mara tatu. Ingefaa mara thelathini. Jumapili nzima kila nikisema neno lilitoka povu. Nilimsalimia mchungaji, salamu ikapaa hadi juu ya kanisa ikapasukia huko.

Lakini sasa nimefika. Unachukua pombe kali ya nyumbani, ile ambayo polisi hawaijui na kila mtu anaijua. Ina nguvu mara mbili ya akevitti ya dukani, na tena ni nyepesi kuliko maji, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Unaitia mbegu za kisibiti ipate ladha ya akevitti ya haki. Unaiweka kwenye chupa laini ya plastiki isiyozidi uzito wa barua. Maji ya kuichanganya huyabebi, mlima umeshayabeba, yanakungoja kwenye kila kijito. Nimepima posta kwenye mizani ya barua: gramu mia mbili tisini na nane! Karani akauliza inakwenda wapi. Nikamwambia, mbinguni, karibu na mpaka wa Uswidi.

Nafunga macho nauona ukungu unavyoshuka kwenye nyasi, na sisi wawili tumeshika vikombe. Mwambie kaka nipo tayari.

Baba yako mdogo,
Oddmund

Røros, 20 Juni 1994

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini povu limeisha. Sisi tupo.

Baba alicheka. Kwenye ile salamu iliyopasuka juu ya kanisa alicheka hadi nikamletea maji. Kisha akafuta macho akauliza, "Na nguzo? Anasemaje kuhusu nguzo?"

Nikamwambia, kulungu, kama ile barua ya kwanza.

Akaikunja barua. "Nilikuwepo, Torunn. Hakuna mnyama aliyepita pale. Gramu ni masihara yangu tu, nilitaka kuona kama atahangaika. Miaka sita anasimulia hicho kichekesho kwenye kila baa kutoka Namsos hadi huku, watu wananisimamisha barabarani kuniuliza habari za kulungu, na mimi nasimama nashika ukuta nivute pumzi. Aandike alichofanya. Akishindwa, abaki na paka wake."

Nimekuandikia kama alivyosema, baba mdogo. Sikupunguza.

Mwanao,
Torunn

Røros, 18 Julai 1994

Baba mdogo, shikamoo. U mzima?

Karibu mwezi mzima hujajibu. Baba ameshapaka viatu mafuta. Anaondoka tarehe sita Agosti, ukija au usipokuja. Mimi hawezi kunichukua, mguu niliouvunja bado umefungwa plasta ngumu, na mtu mwingine hamtaki. Naogopa aende peke yake.

Torunn wako

Namsos, 22 Julai 1994

Mwanangu Torunn,

Nakusalimu. Mimi mzima.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Kila nikiianza anaingia kulungu. Msomee baba yako kama ilivyo.

Nguzo za hema niliziacha nyumbani kwangu, nyuma ya mlango wa banda. Niliziacha kwa makusudi. Mkoba ulikuwa umejaa na nilikuwa na chupa mbili za kioo. Nilizichomoa nguzo nikaingiza chupa. Nikajiambia hali ya hewa ni nzuri, tutalala nje.

Mvua ilipoanza kaka alisema, lete nguzo. Niliufungua mkoba nikapekua mbele yake. Nilitoa soksi, nikatoa sufuria, nikatoa kila kitu, kama mtu anayetafuta. Nilijua hazimo. Yeye alikuwa amenishikia tochi ili nione vizuri.

Siku ya pili alianza kutetemeka, akanipa sweta lake, akasema yeye anasikia joto. Nililivaa.

Hospitali waliniuliza ilikuwaje. Hapo ndipo kulungu alipokuja mara ya kwanza. Watu wakacheka, nikaona heri wacheke.

Sina lingine.

Oddmund

Røros, 29 Julai 1994

Baba mdogo, shikamoo.

Nilimsomea baba barua yako amesimama. Nilipofika kwenye sweta akasema, "Inatosha, hilo nalijua," akatoka nje. Alikaa bandani muda mrefu. Nilimsikia akivutavuta mbao huko, nikadhani anatafuta shoka.

Aliporudi aliketi, akaniomba kahawa, akaniuliza kama Namsos bado kuna treni ya asubuhi. Nikamwambia treni haipo, kuna basi hadi Grong.

"Basi apande hilo basi," akasema. "Tarehe sita, saa sita mchana, stesheni. Na mizani nitakuwa nayo."

Mwanao,
Torunn

Kvittjønna, 9 Agosti 1994

Mwanangu Torunn,

Hatujambo, wote wawili. Kuna Mswidi anashuka kesho, nitampa barua hii aiposti.

Stesheni alinipima kweli, mbele ya watu. Mia mbili tisini na nane. Hakunipa mkono, alisema tu, "Umenenepa," tukaanza kutembea.

Jioni ya kwanza tuliimaliza chupa yangu na maji ya kijito. Ilikuwa nzuri, ila niligundua kwamba gramu mia tatu ni chache kwa watu wawili wasiojua pa kuanzia. Alikunywa, akalala akinipa mgongo.

Siku ya pili kwenye mteremko wa mawe pumzi ikamkatika. Aliketi, midomo imekuwa ya bluu, nami nikaketi mbali kidogo, maana sikujua kama naruhusiwa karibu. Akasema, "Utakaa huko mpaka lini?" Nikaenda. Nikachukua mkoba wake nikauweka kifuani, wangu mgongoni, tukapanda hivyo siku nzima, hatua kumi, tunasimama, hatua kumi. Mkoba wake ulikuwa mzito kama jiwe la kaburi.

"Kaka, umeweka nini humu?"

"Tembea."

Tumefika leo. Ziwa lipo. Sikumbuki tena kama nililiona hivi au niliota hivi: jua limekaa juu ya ukingo wa mlima halitaki kushuka, mvuke unatambaa juu ya maji, na huwezi kusema mbingu inaishia wapi. Ndege mmoja anaita, anajijibu mwenyewe upande wa pili. Kaka ameketi kwenye jiwe, na pumzi yake naisikia, inaingia na kutoka.

Akaniambia nifungue mkoba wake. Chini kabisa, ndani ya soksi ya sufu, kuna chupa ya akevitti. Ya kioo, Torunn. Lita nzima, na vumbi la mbao za banda lenu bado lipo shingoni mwake. Ndiyo niliyoipandisha kutwa kifuani mwangu.

Nikaifungua. Nikamimina. Akanyoosha kikombe, akanishika kifundo cha mkono, nikamimina tena.

"Kunywa polepole," akasema. "Chupa tupu nayo unaibeba wewe."

Baba yako mdogo,
Oddmund